Mlinzi wa Mto na Wanachama Wake: Kuwakumbuka Waliofariki Kando ya Maji

Msafiri atokaye Njombe kwenda Makete huhisi hewa ikibadilika kabla hajafika mbali. Barabara hupanda na kushuka kati ya mashamba ya viazi na misitu ya mipaini, na afikapo Ikonda, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huwa amekwisha kutafuta koti. Juni na Julai sakitu hulala juu ya majani mpaka jua lipande. Wengi wa wasomaji wetu wanaijua Ikonda kwa jambo moja tu, nalo ni hospitali. Familia hutoka Makambako, Mbeya, Songea na hata Dar es Salaam zikipandisha wagonjwa wao huko, na mwenye mgonjwa hana nafasi ya kutazama mandhari. Hata hivyo chini ya madaraja anayovuka hupita vijito vyembamba, vya baridi na vyeupe kama kioo, na habari ya leo inahusu maji ya namna hiyo na watu walioyapenda.

Kuna samaki asiyeweza kuishi katika maji ya vuguvugu. Jina lake ni trauti. Hutaka maji baridi yanayokwenda mbio na yenye hewa nyingi, na ndiyo maana hakuwa na asili katika mito yetu ya Afrika Mashariki. Aliletwa na watu. Mwaka 1905 mlowezi mmoja wa Kiingereza nchini Kenya, Ewart Grogan, aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, yakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Katika miaka ya 1920 samaki hao waliletwa Tanganyika pia, wakapandwa katika mito ya milima ya kaskazini na ya nyanda za juu kusini, ili maafisa wa serikali ya kikoloni na walowezi wapate mchezo waliouzoea kwao.

Mchezo huo ni uvuvi wa nzi bandia. Mvuvi wake hatumii minyoo wala kipande cha nyama. Huchukua ndoana ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, akaizungushia uzi na manyoya ya ndege mpaka ifanane na mdudu, kisha huirusha kwa ufito mrefu ili itue juu ya maji taratibu kama mdudu aliyechoka. Ndoana hiyo ni nyepesi mno kurushika, kwa hiyo kinachorushwa kwa hakika ni uzito wa mshipi wenyewe, na kujifunza kuurusha vizuri huchukua muda mrefu. Uingereza, haki ya kuvua katika kipande cha mto ni mali ya mtu kama shamba lilivyo mali. Ndipo watu huungana wakaunda chama, wakakodi maili kadhaa za mto, wakaweka kanuni, wakaajiri mlinzi wa kuutunza. Sisi huku maji ni mali ya umma, basi jambo hilo laweza kuonekana la ajabu. Lakini chama ni chama. Wanaokaa pamoja miaka mingi wakipenda kitu kimoja hupendana wao kwa wao, na mmoja wao anapofariki, waliobaki hutaka kumkumbuka.

Namna wanavyokumbukana ndiyo iliyotuvuta kuandika. Wavuvi hawa wana desturi ya kuwapa nzi wao wa bandia majina ya watu. Mtu hufa, kaburi lake likaota majani, na miaka mia baadaye kijana asiyejua lolote juu yake huingia dukani akanunua nzi kwa kutaja jina la marehemu. Ni ukumbusho wa bei nafuu na wenye kudumu. Walakini si kila mara wa haki. Mwaka 1854 kasisi mmoja aitwaye William Greenwell, akivua katika mto Tweed, aliona wadudu fulani juu ya maji, akampelekea fundi wa kijiji cha Sprouston, James Wright, amtengenezee wa kufanana nao. Fundi alichagua manyoya, akafunga uzi, akakamilisha kazi. Nzi yule alivua sana, na mpaka leo huitwa Fahari ya Greenwell. Mwenye kutoa agizo alipewa fahari. Mwenye mikono hutajwa tu na wale wanaosoma historia kwa makini.

Jambo hilo hilo lilitokea kwetu kwa sura nzito zaidi. Mayai ya Grogan hayakufika mto Gura kwa gari. Mwaka 1905, kutoka reli hadi mto ule, mzigo ulisafiri kwa miguu ya watu, na watu hao hawakuandikwa jina mahali popote tunapopajua. Na Grogan mwenyewe ni mtu mgumu kumkumbuka. Alisifiwa duniani kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo. Machi 1907 aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu, waliokuwa wavuta rikisho, mbele ya jengo la mahakama la Nairobi, akafungwa mwezi mmoja. Mke wake Gertrude alipofariki mwaka 1943, alitoa ardhi na mali ili ijengwe hospitali ya watoto kwa jina la marehemu. Ilifunguliwa mwaka 1947, na hadi leo watoto wa dini na makabila yote hutibiwa humo. Mkono ulioshika kiboko ndio ulioandika hati ya zawadi ile. Sisi hatuoni sababu ya kufuta mojawapo ili nyingine ing'ae. Mwenye kumsimulia maiti kwa uadilifu husimulia yote mawili, au hunyamaza.

Kwa sababu hiyo, tulipotafuta mtu wa kumsimulia katika ukurasa wa familia wiki hii, hatukumchagua mwenye mali. Tulivuka bahari mpaka kijiji cha Netheravon, katika jimbo la Wiltshire kusini mwa Uingereza, ambako mto Avon hupita kati ya vilima vya chokaa. Sehemu ile ya mto ilikuwa chini ya chama cha uvuvi cha maafisa wa jeshi. Mwaka 1928 chama kilimwajiri kijana aitwaye Frank Sawyer, aliyezaliwa mwaka 1906 katika nyumba ya kinu kando ya mto huo huo. Hakuwa afisa. Hakupita chuo chochote. Kazi yake ilikuwa kukata magugu majini, kuzuia wezi wa samaki, kurekebisha kingo zilizomomonyoka, na kuwaonyesha mabwana mahali trauti walipolala. Aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 50.

Mtu anayetazama maji yale yale kila siku kwa miaka 50 huona mambo ambayo mwenye kufika siku mbili za mapumziko hawezi kuyaona. Sawyer aliona kwamba trauti halishwi zaidi na wadudu wanaoruka juu ya maji, bali na wadudu wachanga wasioota mbawa bado, wanaoishi chini kati ya mawe na magugu. Mdudu huyo hukaa majini miezi mingi, hata mwaka. Siku yake ikifika hupanda juu, hupasua ngozi, huota mbawa na kuruka. Tangu hapo hali chakula tena, kwa maana kinywa chake hakifanyi kazi. Huishi siku moja au mbili, hutaga mayai, hufa. Sawyer alitazama majike wa baadhi ya wadudu hao wakishuka kwa miguu kwenye magugu mpaka chini ya maji ili wakatage mayai mahali pa salama, jambo ambalo wasomi wengi wa vitabu hawakuwahi kulishuhudia kwa macho yao.

Kutokana na utazamaji huo alitengeneza nzi ambaye leo anajulikana popote trauti wanapovuliwa. Ana vitu viwili tu: nyuzi za manyoya ya mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku, na waya mwembamba wa shaba. Mafundi wengine walitumia uzi wa hariri kufungia manyoya. Yeye alitumia waya ule kuwa uzi na uzito kwa pamoja, ili mdudu wake azame kama wa kweli. Mkewe, Margaret, alikaa nyumbani akiwafunga nzi hao kwa ajili ya kuuza. Wapo akina mama wengi wasomao ukurasa huu wanaojua maana ya kazi ya mikono inayolisha nyumba huku sifa ikibaki kwa baba.

Nzi wake wa pili tunampenda zaidi, kwa sababu alitoka ndani ya kapu la kushonea. Aliutengeneza mwili wake kwa uzi wa sufu wa kuzibia soksi zilizotoboka, wa kampuni ya Chadwick, rangi namba 477. Hakuwa na manyoya hata moja. Ndani ya maji rangi ya uzi ule hubadilika na kufanana na wadudu fulani wa chini, na samaki huukimbilia. Kiwanda kilipoacha kuutengeneza, wavuvi wakaanza kuwinda mabaki yake katika masanduku ya bibi zao, na kadi moja ya uzi wa soksi ikawa kitu cha kutunzwa kama pambo. Tunakiri kwamba habari hii ilitufanya tucheke peke yetu.

Sawyer hakujua kuandika makala. Waliomsukuma ashike kalamu ni wavuvi waliokuwa na elimu, wakiwamo wakili G. E. M. Skues, mwandishi mkubwa wa mambo ya trauti, na Sir Grimwood Mears, aliyepata kuwa Jaji Mkuu wa Allahabad huko India. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1952, cha pili mwaka 1958. Hapa maafisa wale wanastahili sifa yao. Wangeweza kuyachukua maarifa ya mtumishi wakayatia saini zao wenyewe, na hakuna ambaye angeuliza. Walimwacha aseme kwa jina lake.

Katika kijiji hicho hicho aliishi mwanachama mmoja, Meja Oliver Kite. Alijifunza kwa Sawyer kuvua kwa wadudu wachanga, akaandika kitabu mwaka 1963, kisha akawa mtu wa televisheni, akiwapeleka watazamaji wa kusini mwa Uingereza mashambani na mitoni kwa ucheshi wake. Watu walimpenda mno. Kite alifika mahali pa kuvua kwa ndoana tupu iliyozungushiwa waya wa shaba tu, bila unyoya wowote, ili kuonyesha kwamba siri iko katika mwendo wa mdudu, na manyoya ni ziada. Juni 1968, akiwa na miaka 47, moyo wake ulisimama akiwa kando ya maji, anavua. Hata leo, miongo kadhaa baadaye, wapo wazee wanaolikumbuka jina la kipindi chake.

Miaka 12 baada ya mwanachama, zamu ilikuwa ya mlinzi. Aprili 1980 Frank Sawyer alitoka kwenda kuutazama mto wake kama kawaida, akafa ukingoni, mahali ambapo mnara wa kanisa la kijiji chake unaonekana.

Wawili hawa hawakuwa wa dini yetu, na msomaji anaweza kuuliza wanatuhusu nini. Jibu letu ni kwamba kifo kinatuhusu sote, na ukumbusho vilevile. Kwetu, ndugu akifariki tunajua la kufanya: tunamwosha, tunamkafini, tunamswalia, tunamzika, tunamlipia madeni. Hatumjengei sanamu. Tunafundishwa kwamba amali za mtu hukatika isipokuwa zile zenye kuendelea kuwanufaisha walio hai. Tukimpima mlinzi wa Avon kwa mizani hiyo tunaona jambo. Nzi wake wa shaba ni kitu kidogo. Kitu kikubwa ni kwamba alikuta sehemu za mto zimejaa tope lililofunika changarawe ambamo trauti hutaga mayai, na yai lililofunikwa na tope hufa kwa kukosa hewa. Alihimiza tope lile liondolewe, akasimamia kazi hiyo, akakuza vifaranga na kuvirudisha mtoni. Maji hayo yangali yakipita.

Atatokea pia wa kuuliza kama mchezo wenyewe unafaa. Samaki ni halali kwetu bila kuchinjwa, na kuvua kwa ajili ya chakula hakuna mjadala. Tatizo ni pale samaki anapokamatwa, akapigwa picha, akarudishwa, akakamatwa tena kesho, bila haja yoyote isipokuwa burudani. Kumtesa kiumbe hai kwa mchezo kumekatazwa, na tunadhani baba anayetaka kumfundisha mwanawe kuvua atamfundisha pia kumwua samaki haraka na kumla. Masheikh wana nafasi ya kulifafanua jambo hili kuliko sisi. Tuongeze neno moja ambalo wapenzi wa trauti huwa hawalisemi kwa sauti: samaki huyu ni mgeni mlafi. Wataalamu wa mazingira duniani wamemweka katika orodha ya viumbe 100 vamizi wenye madhara makubwa zaidi, kwa kuwa hula samaki wadogo na vyura wenyeji wa mito anakopelekwa. Hatuwasihi basi watu wa Makete wakaagize mayai Uskoti.

Kilichotugusa ni mlinzi. Milima inayozunguka Ikonda na uwanda wa Kitulo ni mama wa mito. Kitulo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ikiwa na eneo la kilometa za mraba zaidi ya 400, na watu huipanda kwenda kutazama maua. Lakini chini ya maua yale kuna maji, na sehemu yake huteremka mpaka bonde la Usangu, yakajiunga na Ruaha Mkuu, yakafika Mtera na Kidatu ambako mitambo ya megawati 80 na 204 huyageuza kuwa umeme. Mama anayewasha taa Dar es Salaam ili mtoto asome juzuu yake hajui kwamba sehemu ya mwanga ule ilianza kama umande wa Makete. Na mto huo ni mgonjwa. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu hukauka kabisa katika baadhi ya sehemu zake msimu wa kiangazi, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Kilimo cha umwagiliaji cha Usangu kinabeba lawama kubwa. Lakini hata juu, mahali maji yanapozaliwa, jembe linazidi kushuka kwenye vinyungu na kingo za vijito, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji.

Mita 60 ni nyingi kwa mwenye shamba dogo na watoto wanane. Hatusemi hivi kwa wepesi, kwa maana viazi vya bondeni ndivyo vinavyolipa ada. Tunasema tu kwamba sheria haikai kingoni usiku wala mchana. Anayekaa ni mtu. Katika kila kijiji cha nyanda hizi palikuwa na mzee aliyejulikana kuwa ndiye wa chemchemi. Alikataza miti fulani isikatwe, akafukuza ng'ombe, akawagombeza vijana waliofua nguo juu ya mahali pa kuteka, na kila mtu akamwona mkali asiye na maana. Alipokufa, alizikwa kwa heshima ya kawaida. Mwaka uliofuata mtu akalima mpaka ukingoni, kwa sababu hapakuwa na wa kumgombeza. Watoto wake wenyewe pengine hawakujua kwamba kazi aliyokuwa akiifanya baba yao ilikuwa na jina.

Mzee wa namna hiyo hakuwa na afisa wala jaji wa kumwambia aandike. Hakuna kitu kinachouzwa dukani kwa jina lake. Watu waliomjua ni wazee sasa, na baadhi yao wamelala wodini Ikonda wakati makala hii inachapwa.

Basi tunaomba. Wasomaji wetu wa Makete, Njombe na Makambako, na wa kwingineko kwenye milima na mito, watuletee majina ya wazee hao, wanaume kwa wanawake, wa dini yoyote. Andikeni jina la mzee, jina la chemchemi au kijito alichokilinda, alichokuwa akikataza, na hali ya maji hayo leo. Ridhaa ya familia yake itangulie. Ukurasa mmoja wa daftari watosha. Mabibi na mababu wasioandika wasomewe makala hii na wajukuu zao, nao wajukuu washike kalamu. Tutayapanga majina hayo kufuata mto kwa mto, kuanzia juu kwenye baridi kushuka chini, na kuyachapa katika ukurasa huu kadiri yatakavyotufikia.